Mwanamke wa Sura ya Saba

Wifi yangu na mimi hatukupendana mwanzoni, na sioni haya kulisema. Alipoolewa na kaka yangu nilimwona mtu wa kujisikia. Unamuuliza jambo la nusu saa, anakujibu maneno matatu, kisha ananyamaza kana kwamba la nne linalipiwa ushuru. Kaka ameishi na mimi tangu utotoni, masikio yake yamechoka, kwa hiyo labda ndiyo maana alitafuta mke wa namna ile. Kilichotupatanisha ni vitabu. Nasema vile vitabu vya wanawake walioripoti vita, kisha wakarudi kwao wakaandika waliyoyaona na yaliyowafika.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ina viti vitatu, kioo kirefu, na mashine mbili za kukaushia nywele ambazo moja hufanya kazi ikipenda yenyewe. Kusuka ni kazi ya saa nyingi, na mwanamke aliyekaa kitini kichwa chake kikiwa mikononi mwa mwenzake hana pa kwenda. Ama atasema, ama atasikiliza. Wifi alikuja siku moja na kitabu, nikamuuliza kinahusu nini, akaanza kunieleza, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye ukoo wetu jibu lake lilikuwa refu. Kitabu kilikuwa cha lugha ya kigeni, ile tuliyofundishwa shuleni na wengi wetu tukaiacha hukohuko. Akaanza kutusomea kwa Kiswahili papo kwa papo, macho kwenye ukurasa, mdomo ukienda bila kukwama. Ndiyo kazi yake. Ni mkalimani wa mahakama.

Basi ikawa desturi. Kila Jumamosi mchana anakuja, anakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, anatusomea. Kitabu kikiisha anakileta kingine, na vyote ni vya wanawake wa aina hiyo. Nyumbani kwake alikuwa na rafu nzima, kaka alizoea kumtania kwamba siku moja bunduki zitaanza kulia zenyewe chumbani.

Watu waliniuliza wasusi na wanaosukwa wana nini na vita. Niwajibu hapa. Hatukuvipenda vitabu vile kwa ajili ya mabomu. Mabomu tungeyaruka, ila wifi haruki kitu. Tulivipenda kwa ajili ya ule ukurasa wa mwanzo, simu inalia, mwanamke anaambiwa mahali fulani mambo yameharibika, naye anachukua begi moja anaondoka. Haagi ukoo mzima. Hapiki chakula cha wiki nzima akakipanga kwenye friji. Hakuna mama mkwe anayeuliza watoto wataachwa na nani. Mke wa fundi magari, mteja wangu wa siku nyingi, akifika hapo alikuwa anasema, "Rudia hapo pa begi," na wifi anarudia. Tulipenda pia jinsi anavyoogopa akasema wazi kwamba anaogopa, na bado askari walevi wa kwenye kizuizi cha barabarani wanamjibu maswali yake. Tulipenda anavyoosha nywele kwa chupa moja ya maji, hilo mimi kama msusi nilibishana nalo. Tulipenda anavyorudi kwao, mumewe anamuuliza safari ilikuwaje, naye anaona hana la kumwambia. Hapo saluni nzima ilikuwa inaguna, hata wale ambao safari yao ndefu ni ya sokoni.

Zaidi ya yote tuliamini. Wifi alituambia wale wanawake hawatii chumvi, wanaandika walichokiona kwa macho yao, ndiyo tofauti yao na watunga hadithi. Alilisema hilo kwa kaka, kwa binti yao, kwa yeyote aliyemwazima kitabu. Angeweza hata kuapa kwa vitabu vile.

Tena alikuwa na sababu. Kabla hajaolewa, alipokuwa msichana, kulikuwa na vita upande wa pili wa mpaka na watu walikuwa wanavuka kwa miguu wakija kwetu. Mwanamke mmoja mgeni, mwandishi wa habari, alikuja kuandika, akahitaji mtu wa kumfasiria. Akampata wifi. Nitamwita Mwandishi tu, kwa kuwa jina lake linatangazwa vya kutosha. Walizunguka pamoja kwa majuma mengi, wakilala chumba kimoja, wakipanda malori ya jeshi. Kazi ya mkalimani, wifi anasema, ni kukaa nyuma kidogo na kusema kilichosemwa, hakuna zaidi wala pungufu. Mkalimani hana la kwake. Na muda wote ule Mwandishi hakumuuliza amezaliwa wapi, wala kama wazazi wake wako hai, wala anapenda nini. Wifi hakuona kosa. Kwake yeye hiyo ilikuwa alama kwamba anaifanya kazi vizuri, amekuwa kama hayupo.

Siku moja nikiwa namsuka alinisimulia jambo la wakati ule. Katika darasa la shule iliyogeuzwa malazi, madawati yamerundikwa ukutani, walimkuta mama mmoja, mshonaji. Alikuwa amekimbia na watoto wawili, mdogo mgongoni, mkubwa, wa kiume, akitembea. Mguu wa yule mkubwa ulivimba akashindwa kabisa. Mama akamkalisha kando ya ukuta wa kituo cha mafuta kilichoungua, akampa kikombe cha maji, akamwambia ahesabu malori mpaka atakaporudi. Alimfikisha mdogo mahali salama, akarudi, akakuta ukuta na kikombe. Yule mshonaji alikubali kuongea na Mwandishi kwa sharti moja. Jina lake liandikwe, na jina la mtoto liandikwe vilevile kama alivyoitwa nyumbani, ili atakayekutana naye ajue pa kumpeleka. Wifi alilifasiri sharti hilo, Mwandishi akaitikia kwa kichwa, akaandika. "Nilimwona akiandika," wifi aliniambia.

Nilimuuliza kama kaka anaijua habari hiyo. Akasema hajawahi kuuliza. Kaka hapendi mazungumzo ya kazi ile. Msichana kuzunguka na wageni ndani ya malori ya askari, kwake ni jambo la kufichwa chini ya mkeka, na wifi alikuwa amelifunika ili apate amani ya nyumba. Ndivyo yalivyo mambo ya chini ya mkeka, siku ya kufunuliwa hata kisafi kinaonekana kichafu.

Miaka ikaenda. Mwandishi akawa mtu mkubwa, na hatimaye akaandika kitabu cha maisha yake. Wifi alipopata habari alibadilika, utadhani ni binti aliyeletewa posa. Aliagiza kitabu, kikafika, akakaa nacho bila kukifungua. Alitaka tukisikie wote kwa pamoja, yeye akiwa mmoja wetu, ashangae tunaposhangaa. Jumamosi hiyo saluni ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Binti yao alikuja kutoka chuoni. Kaka naye, aliyekuja kuwachukua mapema, alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akitabasamu kwa mara ya kwanza juu ya kazi ile.

Sura sita zilipita vizuri, begi likiwemo. Sura ya saba ikaanza kwa kusema mkalimani wangu alikuwa msichana mkimya mwenye macho makubwa. Tulipiga makofi. Mke wa fundi magari akamfinya binti shavu. Wifi akacheka kidogo, akaendelea.

Hapa lazima mtu aielewe kazi yake. Anayefasiri kwa kasi ile hasomi kwanza akafikiri ndipo aseme. Mdomo unatangulia, maana inamfikia pamoja na wasikilizaji, saa nyingine baada yao. Mahakamani amewahi kutoa maneno ambayo mwanamke wa heshima hayatamki, mbele ya hakimu na wazee wa baraza, bila kupunguza hata moja, na alipotoka ndipo akaona aibu. Basi na maneno haya ya kitabu aliyatoa vilevile: Jioni moja msichana huyo aliniambia kilichomnyamazisha. Alikuwa na watoto wawili. Mdogo alimbeba mgongoni. Mkubwa, wa kiume, alimwacha barabarani. Sauti yake ilikuwa ileile ya mahakamani, safi, ya kunyooka. Ukuta wa kituo cha mafuta. Malori. Alipofika kwenye kikombe cha maji aliacha kusoma.

Mtu mmoja alizima mashine ya kukaushia nywele. Wifi aliinua macho, akatutazama mmoja mmoja, mwisho akamtazama kaka pale mlangoni.

"Si mimi," akasema.

Kisha mke wa fundi magari alinyanyuka na nywele zake nusu zimesukwa, akaenda kumkumbatia, akimwambia pole mama, pole sana, kumbe ulibeba yote hayo. Wengine wakafuata. Walimkumbatia kwa zamu, kila mmoja akilia, na wifi katikati yao mikono imemning'inia. Mimi nilijaribu kusema ninayoyajua, nikaambiwa nimwache mwenzangu apumue.

Kaka hakugomba. Si mtu wa kugomba, afadhali angekuwa. Walipofika nyumbani aliuliza wale watoto wako wapi na baba yao ni nani. Wifi alimweleza habari ya mshonaji tangu mwanzo hadi mwisho. Kaka akasikiliza, akauliza kwa nini mwanamke asiyetia chumvi aandike uongo mkubwa namna ile, na amzulie nani, mtu aliyelala naye chumba kimoja? Maneno yalikuwa ya wifi mwenyewe, yalirudi kumkaba. Niliposikia hayo nilikwenda hadi kwao, nikamwambia kaka kwamba mimi habari hii ninaijua siku nyingi, na mwenye watoto ni mshonaji.

"Kwa hiyo wewe alikwambia," kaka akasema. "Mimi mumewe hakuniambia. Mtu anaficha kisicho na kitu?"

Mimi ambaye ulimi wangu hauna kufuli nilichukua mkoba wangu nikaondoka.

Binti ndiye aliyeniuma zaidi. Alilia siku ya kwanza, ya pili akaacha, ya tatu akaanza kuwatazama usoni vijana wa kiume waliomzidi umri, kwenye foleni, dukani, popote. Alimuuliza mama yake kama anakumbuka mtoto yule aliitwaje nyumbani. Wifi akalitaja jina hapohapo, bila kufikiri. Alidhani anasaidia. Binti akaja kwangu akaniambia, "Shangazi, nani anakumbuka jina la mtoto wa mtu baki miaka yote hiyo?" Nilimwambia mama yako anakumbuka, kwa sababu ombi kwamba liandikwe lilipitia mdomoni mwake. Alinitazama kwa huruma, mimi.

Wifi alijikaza kisabuni akampigia simu Mwandishi. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Mwandishi alifurahi kweli, alimkumbuka, aliuliza habari za afya. Kuhusu sura ya saba alieleza bila wasiwasi wowote. Watu walikuwa wamekuwa wengi mno kitabuni, msomaji anachoka, mchapishaji akashauri waunganishwe. Mshonaji alikuwa na kisa lakini alionekana mara moja tu. Mkalimani alionekana kila ukurasa lakini hakuwa na kisa. Akawaunganisha. Ni sura inayopendwa kuliko zote, alisema. Wifi akauliza yale majina mawili yako wapi. Akajibiwa kwamba majina ya waathirika hufichwa kwa usalama wao. Wifi akasema yule mama aliomba yaandikwe. Mwandishi akasema ni utaratibu wa kawaida, wote hufanya hivyo, na kwa bahati anakuja mjini kwetu kukizungumzia kitabu, waonane, ataliweka sawa.

Wifi alikata simu akakaa anaitazama rafu yake.

"Wote hufanya," aliniambia. "Yule dereva aliyekufa kwenye kile kitabu cha jalada la kijani, ulilia siku ile. Yule mpishi. Yule muuguzi aliyekuwa na mapacha. Ni akina nani hao, wifi? Nilikuwa nawasomea nini?"

Nilikasirika hapo, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Tulivipenda vile vitabu kwa sababu mwanamke anaondoka na begi moja. Hatukujiuliza begi linarudi na nini. Linarudi na watu waliokunjwa wakakunjuliwa watakavyo, na sisi tunakaa chini ya mashine tunafuta machozi, tunasema hakika huyu ameona mengi.

Mkutano huo ulifanyika kwenye ukumbi wa maktaba. Wifi alivaa koti lake la mahakamani. Kaka alikubali kuja, na alisema kitu ambacho kwangu kilikuwa cha haki. Alisema Mwandishi akitamka kwa kinywa chake mwenyewe kwamba watoto wale si wa mkewe, basi, yamekwisha, ataomba radhi mbele ya kila mtu. Wifi aliyashika maneno hayo kama dawa. Tuliketi safu ya tatu, kaka, binti na mimi. Wateja wangu nusu walikuwa humo, wamependeza, vitabu mapajani.

Mwandishi alikuwa mama wa makamo sasa, mwenye uso mwema. Nilitaka awe na uso mbaya lakini hakuwa nao. Kwenye ujia alimkumbatia wifi na kumwambia asiwe na shaka. Kisha, kwa kuwa wengi ukumbini hawakuifuata lugha ile, mwenyeji wa shughuli akamwomba wifi apande afasiri, kama zamani. Wifi akapanda, akasimama nyuma kidogo. Mwandishi aliongea vizuri, watu wakacheka alipotaka wacheke. Wifi akatoa yote, hakuna zaidi wala pungufu. Mwisho Mwandishi alisema kuna jambo anataka kuliweka sawa. Kaka akakaa wima. Akasema mwanamke wa sura ya saba amebeba ndani yake maumivu ya zaidi ya mtu mmoja, na kwamba yuko hapa jukwaani, na kitabu kizima ni deni kwake.

Huko ndiko kuliweka sawa. Wifi alifasiri kila neno. Watu walianza kupiga makofi. Akasubiri yapungue, akasogea mbele, mahali ambapo mkalimani hakai.

"Haya sasa ni ya kwangu," akasema. "Mimi sikumwacha mtoto barabarani. Sikuwa na mtoto. Aliyemwacha alikuwa mshonaji, na aliomba jina lake liandikwe." Akalitaja jina lile, lote, na jina la mtoto kama alivyoitwa nyumbani. Akayarudia.

Ukumbi ulisimama. Sijawahi kusikia makofi kama yale. Wanawake walikuwa wanalia waziwazi, mke wa fundi magari amejishika kifua. Mwenyeji alichukua kipaza sauti akasema kwamba kuna maumivu makubwa kiasi kwamba mtu hawezi kuyaita yake, inabidi ampe mtu mwingine ndipo aweze kuyasema, na tumshukuru mama huyu kwa ujasiri. Makofi yakazidi. Mwandishi, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliinama akamuuliza wifi amesema nini, huku naye akipiga makofi. Walimvika kilemba cha ukoka mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua kwamba ni ukoka.

Nilimwona wifi akimjibu Mwandishi kitu kifupi. Baadaye nilimuuliza. Alisema alimwambia, "Nimesema asante kwa kuja."

Kaka aliendesha gari kurudi. Wifi alikaa mbele karibu naye, mimi na binti nyuma. Tulisimama kwenye taa za kuongozea magari. Ndipo nikaona kaka anafuta macho kwa kiganja. Kaka yangu ni mtu mwema, nataka hilo lijulikane. Hanywi, hapigi, hajawahi kulala nje. Alimshika mkewe mkono.

"Mke wangu," akasema, "nimekusamehe. Hata kama huwezi kulitamka, mimi nimekusamehe. Yameisha."

Nilimwangalia wifi kwa nyuma, nikamwombea agombe. Amrushie maneno, ashuke, apige mlango wa gari, lolote. Taa zikageuka kijani na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, na kaka hakuondoa gari, alikuwa anamngoja. Alikuwa tayari kungoja pale mpaka kesho.

"Asante," wifi akasema.

Tukaondoka. Binti akainama mbele katikati ya viti, akaweka mkono begani kwa mama yake, akauliza polepole kama sasa wanaweza kuanza kumtafuta kaka yake.

Wifi akasema wataanza na kile kituo cha mafuta.